Tiba kwa Vitendo katika Shule za Chepseon

TIBA KWA VITENDO SHULENI ni utumishi wa mtaalamu wa afya ambaye wajibu wake ni kumwezesha mwanafunzi mwenye ulemavu kuyatenda yale ambayo siku ya shule humtaka kila mtoto ayatende: kuketi, kushika kalamu, kula, kuvaa, kwenda chooni, kucheza na wenziwe, na kurudi nyumbani salama. Makala haya yaueleza utumishi huo kwa kutazama hali ya Chepseon, katika nchi ya chai ya Kericho, Kenya.

Jina

Istilahi yenyewe haijatulia. Tanzania fani hii hujulikana kwa jina la tiba kwa vitendo; Kenya husikika pia tiba ya kazi, na katika hospitali nyingi watu hutaja herufi mbili tu, OT, kana kwamba ni jina la chumba. Neno "kazi" lataka hadhari katika nchi ya chai, ambako tangu zamani kazi ni kikapu mgongoni, na thamani ya mkono hupimwa kwa kilo za majani zifikishwazo mizanini. Mzazi aambiwaye kwamba mwanawe apelekwe kwa tabibu wa kazi huweza kudhani kwamba mtoto atatafutiwa kibarua. Ilhali muradi wa neno hilo katika fani hii ni shughuli yoyote iijazayo siku ya mwanadamu na kuipa maana. Na kazi ya mtoto, kwa maana hiyo, ni kucheza, kujifunza na kujihudumia.

Mahali

Chepseon ni kituo cha biashara, na pia ni jina la wadi katika eneo bunge la Kipkelion Mashariki, kaunti ya Kericho, kando ya barabara kuu itokayo mjini Kericho kuelekea Londiani na Nakuru. Nchi yake iko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari; asubuhi zake zina baridi, na mvua, ambayo katika Kericho hunyesha takriban mwaka mzima na aghalabu huanguka alasiri, huzigeuza njia za udongo mwekundu kuwa utelezi mtupu. Wakazi wake, wengi wao Wakipsigis, hulima chai na mahindi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo habari hizi zote ni sehemu ya upimaji, maadamu baridi huzidisha ukakamavu wa misuli ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo, tope huyashika magurudumu ya kiti chake, na mteremko ambao wenziwe huushuka kwa mbio huwa kwake safari nzima. Kedowa, katika eneo bunge lilo hilo, iko shule maalumu ya watoto viziwi. Walakini mtoto mwenye ulemavu wa viungo au wa akili, au mwenye usonji, akiwa hakubaki nyumbani, huelekea ama shule ya bweni iliyo mbali na kwao, ama darasa la kawaida la jirani, ama kitengo maalumu kilichoambatanishwa na shule ya kawaida.

Asili ya fani

Fani hii ilipata chama chake cha kwanza huko Clifton Springs, jimbo la New York, Marekani, mwezi wa Machi 1917, walipokutana watu wachache, miongoni mwao William Rush Dunton, Eleanor Clarke Slagle na George Barton, waliosadiki kwamba shughuli yenye maana huweza kumponya mgonjwa ambaye kitanda kimemchosha. Askari waliorudi na majeraha kutoka Vita Vikuu vya Kwanza waliipa nguvu, na mwaka 1952 likaundwa shirikisho la dunia la wataalamu wake. Kuingia kwake shuleni kulikuja baadaye: sheria ya Marekani ya mwaka 1975 iliyowajibisha shule za umma kumpokea kila mtoto mwenye ulemavu iliihesabu tiba kwa vitendo kuwa miongoni mwa huduma za kumsaidia mtoto kufaidi masomo, na tangu hapo mtaalamu wa hospitali akawa na kiti katika chumba cha walimu.

Kenya mambo yalianzia upande wa makanisa na vyama vya hisani. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya Joytown mjini Thika mwaka 1962 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa mwaka 1964 ikachunguza malezi na urekebishaji wa watu wenye ulemavu, na serikali ikatoa waraka wake wa sera mwaka 1968. Karibu na wakati huo huo yakaanza mjini Nairobi mafunzo ya wataalamu wa tiba kwa vitendo, katika chuo cha utabibu ambacho leo ni Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC. Mwaka 1984, kwa auni ya serikali ya Denmark, vilianza vituo vya upimaji wa kielimu, ambavyo kazi yake ni kumpima mtoto na kushauri asome wapi na kwa msaada gani. Na mwaka 1986 ikaasisiwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, jijini Nairobi. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwezi wa Januari 2003, watoto waliokuwa wamefichwa walianza kuonekana madarasani, na walimu wakajikuta wana wanafunzi ambao chuo cha ualimu hakikuwaandalia.

Sheria

Mwaka ule ule wa 2003 ilipitishwa sheria ya watu wenye ulemavu, iliyounda baraza lao la kitaifa. Sheria mpya ilichukua nafasi yake mwaka 2025. Kenya iliuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na Katiba ya 2010, katika ibara ya 54, ikampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizochanganywa na jamii, kwa kadiri maslahi yake yanavyoruhusu, na haki ya kupata vifaa vya kumshindia vizuizi vya ulemavu wake. Sera ya wizara ya elimu ya mwaka 2018 ilisisitiza kwamba asili ni kumsomesha mtoto pamoja na wenziwe. Haki hizi zahitaji mtu wa kuzitafsiri kwa vipimo: kimo cha kiti, upana wa mlango, unene wa kalamu. Hapo ndipo mtaalamu aingiapo.

Upimaji

Upimaji mwema huanza kwa kutazama. Mtaalamu huketi nyuma ya darasa asubuhi nzima, akiangalia mtoto afanya nini mwenyewe, afanyiwa nini na wenziwe, na aacha nini kabisa. Kisha huuliza nyumbani, na mara nyingi wa kuulizwa ni nyanya, ambaye Wakipsigis humwita kogo, kwani ndiye akaaye na mtoto wakati mama yuko katika chai. Mazungumzo hayo hayana budi kufanywa kwa lugha ya nyumbani. Majaribio yaliyotungwa Ulaya na Marekani, yenye uma, kisu na zipu za koti, hupungukiwa na maana hapa. Mtaalamu mwerevu humwomba mtoto akoroge uji, amimine maziwa ya mursik kutoka katika kibuyu, au aokote punje za mahindi moja moja, na kwa vitendo hivyo husoma nguvu ya kiganja, ushirikiano wa mikono miwili, na jinsi jicho liuongozavyo mkono.

Kuketi na kuandika

Mkono hauandiki vyema ikiwa kiuno kinaelea. Kwa hiyo tiba ya mwandiko huanzia miguuni: nyayo zikae juu ya kitu kigumu, magoti na nyonga zikunjwe kama pembe ya mraba, mgongo upate egemeo, na meza iwe kimo cha viwiko. Dawati refu la mbao la watu watatu, lililo la desturi katika shule za umma, halimtimizii mtoto mdogo sharti hata moja katika hayo. Lakini kipande cha gogo chini ya nyayo, ubao uliopachikwa nyuma ya kiuno, na kibao cha mteremko juu ya meza hubadili hali kwa gharama ndogo. Kalamu huweza kunenepeshwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kwa mtoto asiyeweza kuketi pasi na kushikwa, ipo sanaa iliyotokea Zimbabwe kwa jitihada za Bevill Packer, ya kutengeneza viti imara kwa makaratasi na maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa unga, kisha yakakaushwa na kupakwa rangi. Ubora wake ni kwamba kiti hukatwa kwa umbo la mtoto mwenyewe, na ubaya wake ni kwamba huogopa unyevu, jambo la kuangaliwa sana katika nchi ya mvua.

Kujihudumia

Watoto wengi huondoka shuleni kwa sababu ya choo kabla ya kushindwa na hesabu. Choo cha shimo kimtakacho mtu achutame hakimfai mwenye miguu mikakamavu. Kiti cha mbao chenye tundu, na ufito wa kushikilia uliopigiliwa ukutani, ndivyo viamuavyo kama msichana wa miaka 12 ataendelea na masomo. Katika mavazi, mtoto aliyepooza upande mmoja hufundishwa kanuni nyepesi: sweta huanza kuvaliwa kwa mkono ulio dhaifu, na wakati wa kulivua mkono huo hutoka mwisho. Na pale ambapo tendo lina hatua nyingi, kama kuvaa soksi, mtaalamu huanza kufundisha kutoka mwisho: yeye huivuta soksi hadi kisiginoni, na mtoto huimalizia, siku zipitazo humwachia hatua mbili, kisha tatu, na kwa njia hiyo kila somo hukoma kwa mtoto kulitimiza tendo kwa mkono wake mwenyewe.

Utulivu wa hisia

Alasiri mvua ipigapo paa la mabati, sauti ya mwalimu hupotea, na mtoto mwenye usonji huziba masikio, hupiga kelele au hukimbia nje. Ajabu ni kwamba jambo hili aghalabu huandikwa katika daftari la nidhamu. Mtaalamu huishauri shule ipange masomo mazito asubuhi, imkalishe mtoto mbali na mlango, imwonyeshe ratiba ya siku kwa picha ili ajue lijalo, na impe pembe ya kutulia. Wapo pia wampao shughuli ya nguvu kabla ya somo, kama kubeba ndoo ya maji au rundo la vitabu, kwani baadhi ya watoto hutulia mwili ukisha kufanya kazi.

Walimu, wazazi na mtaala

Mtaalamu mmoja hawezi kuwa katika kila darasa, na mazoezi ya nusu saa kwa mwezi hayana athari kubwa. Kwa sababu hiyo ustadi wake mkuu ni kuyaacha maarifa mikononi mwa wengine: mwalimu ajue namna ya kumwinua mtoto bila kuumiza mabega yake, mzazi ajue namna ya kumlisha akiwa wima asipaliwe, na wenzi wa darasa wajue wakati wa kusaidia na wakati wa kungoja. Mtaala wa umilisi, ulioandaliwa kwa mwongozo wa mwaka 2017, umeongeza haja hiyo, kwani umewawekea wanafunzi wenye ulemavu mkubwa njia isiyofuata madaraja bali hatua: ya msingi, ya kati, ya matayarisho ya ufundi, na ya ufundi, na stadi za maisha ya kila siku, zilizokuwa kiini cha fani hii tangu zamani, zimekuwa somo la darasani. Hali kadhalika taarifa za upimaji huitegemeza shule inapoliomba Baraza la Mitihani limpe mtahiniwa muda wa ziada au karatasi iliyorekebishwa.

Mpaka wa serikali mbili

Upungufu mkubwa wa huduma hii hautokani na mvua wala mlima. Jedwali la Nne la Katiba limeziweka hospitali za kaunti chini ya serikali ya kaunti, na shule za msingi pamoja na elimu maalumu chini ya serikali ya taifa. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ambaye aghalabu huajiriwa na kaunti, hana nafasi katika orodha ya Tume ya Huduma ya Walimu. Na mwalimu mkuu amhitajiye hana mamlaka ya kumwita, isipokuwa kwa barua na hisani. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba elimu ya chekechea imekabidhiwa kaunti: kwa hiyo mtoto wa Chepseon huwa yuko chini ya mkono mmoja na tabibu wake hadi siku ile avukapo ua na kuingia gredi ya kwanza, na kuanzia hapo mwalimu wake na tabibu wake huwa watumishi wa mabwana wawili, ingawa darasa jipya na la zamani mara nyingi hutazamana katika uwanja ule ule.

Hupatikana njia za kuuvuka mpaka huu: siku maalumu za kliniki hospitalini, safari za mtaalamu mashuleni, na vituo vya upimaji wa kielimu, vilivyo mahali pa kawaida pa kukutana kwa elimu na afya. Lakini kliniki ya hospitali humwona mtoto akiwa juu ya mkeka safi, katika chumba kilichosawazishwa sakafu, akiwa amebebwa mgongoni na mama tangu kituo cha matatu. Dawati lake, choo chake na njia yake ya udongo mwekundu havikuja pamoja naye. Na ndivyo vilivyokuwa vikihitaji kupimwa.