Kulazwa Tena: Istilahi ya Kupimia Matunzo ya Wazee

Kiwango cha kulazwa tena ni sehemu ya wagonjwa ambao, baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali, hulazwa kwa mara nyingine kabla ya muda fulani kupita. Muda unaotumika zaidi ni siku 30. Kiingereza hukiita readmission rate, na Marekani hukitumia kulinganisha nyumba za uuguzi, yaani vituo vinavyopokea wazee waliotoka wodini wakiwa bado wanahitaji muuguzi, dawa za saa na mazoezi ya viungo.

Mfasiri mwenye haraka angeandika “kiwango cha kurudi hospitali”. Kwa msomaji wa Tanzania tafsiri hiyo inapotosha. Kadi ya kliniki huandikwa tarehe ya kurudi, na mzee wa presha au kisukari anayerudi siku hiyo ametimiza wajibu wake. Kumhesabu pamoja na aliyekimbizwa usiku akiwa hapumui vizuri ni kuchanganya afya na maradhi. “Rufaa” nayo ni jambo jingine: mgonjwa hupandishwa ngazi, kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa watu wa Tanga ni Bombo. Kitenzi kinachofaa ni kile kinachosemwa kila siku wodini: mgonjwa amelazwa, ameruhusiwa, amelazwa tena. Kwa hiyo istilahi kamili iwe “kiwango cha kulazwa tena ndani ya siku 30 baada ya kuruhusiwa”. Ni ndefu, lakini ukiondoa “kuruhusiwa” hujui siku zinahesabiwa kuanzia wapi, na ukiondoa “siku 30” hujui zinaishia wapi.

Neno “kiwango” nalo lina kazi. Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba moja imepokea wazee 100 kutoka hospitali, na 15 wamelazwa tena. Nyingine imepokea 10, wakalazwa tena 4. Anayehesabu vichwa ataisifu ya pili, ilhali kiwango cha ya kwanza ni asilimia 15 na cha ya pili ni asilimia 40. Tahadhari hapo hapo: palipo na wazee watano tu, mmoja akiteleza bafuni akalazwa tena, kiwango kinafika asilimia 20. Nyumba ndogo zihukumiwe kwa takwimu za muda mrefu, si za mwezi mmoja.

Marekani ilikuwa na sababu ya kukifuatilia kipimo hiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwa kutumia kumbukumbu za Medicare, bima ya wazee ya nchi hiyo, ulionyesha kuwa mwaka 2006 asilimia 23.5 ya waliotoka hospitali kwenda nyumba za uuguzi walilazwa tena ndani ya siku 30, kwa gharama ya dola bilioni 4.34. Tangu Oktoba 2018 malipo ya nyumba hizo hupanda au kushuka kwa kutazama kipimo hiki. Kabla ya kulinganisha, hali za wazee husawazishwa: umri wao, maradhi waliyonayo na uzito wa ugonjwa uliowalaza. Bila usawazisho huo, nyumba inayokubali wagonjwa mahututi ingeonekana mbovu kuliko inayochagua wenye nguvu. Inabaki hatari nyingine: nyumba inayoogopa kukatwa malipo inaweza kumchelewesha mzee anayestahili kwenda hospitali.

Tukipeleka istilahi hii Malindi, kata ya Wilaya ya Lushoto katika milima ya Usambara, tunakuta haina nyumba ya kuilinganisha na nyingine. Makazi ya wazee tunayoyajua, kama Mwanzange mjini Tanga, Nunge jijini Dar es Salaam na Welezo kule Unguja, yamewekwa kwa ajili ya wazee wasio na wa kuwatunza. Si vituo vya kupokea wagonjwa waliotoka wodini hivi karibuni, ndiyo maana “nyumba ya uuguzi” na “makazi ya wazee” yasitumike kama jina moja. Mzee wa Malindi akiruhusiwa hurudi kwake, na uuguzi huangukia mikononi mwa binti, mkaza mwana au mjukuu, ambaye naye ana shamba la kushughulikia.

Huko ndiko kiwango cha chini kinaweza kutudanganya zaidi. Wakati wa masika barabara za mlimani huteleza, nauli ni mzigo, na mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye pikipiki hubaki kitandani. Aliyeshindwa kusafiri hamo katika daftari la waliolazwa tena; aliyefia nyumbani hamo pia. Hospitali ikijivunia kiwango kidogo bila kuwauliza hao, inajivunia ukimya wa milima.

Kwa sababu hiyo naamini istilahi hii isiandikwe peke yake katika ripoti zetu. Iambatane na idadi ya walioruhusiwa, idadi ya waliofariki popote pale ndani ya siku hizo 30, na idadi ya waliotembelewa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Na kabla ya kupima, tumwezeshe anayeuguza. Karatasi ya kuruhusiwa iandikwe kwa Kiswahili, itaje kila dawa na saa yake, itaje dalili za kutosubiri, kama miguu kuvimba, kuhema akiwa amelala au kuchanganyikiwa ghafla, na iwe na namba ya simu ya kituo. Binti anayemuuguza mama yake Malindi anafanya kazi ambayo kwingine hulipiwa na kukaguliwa. Kipimo kitakachotumika kwetu kwanza kipime kama tulimpa anachohitaji kuifanya.