Ufunguo bila karatasi: historia ya PV ya mapokezi

Sote tunajua siku ya kukata utepe. Liwali au mjumbe wake anafika, watoto wa shule wanaimba, mkubwa wa mradi anatoa ufunguo, picha zinapigwa. Lakini siku hiyo siyo inayobadilisha mwenye jengo. Jengo linabadilisha mwenyewe siku watu wachache wanapozunguka vyumba vyote na kalamu mkononi, kisha wanasaini ile karatasi tunayoita PV: kwanza PV ya mapokezi ya muda, baadaye PV ya mapokezi ya mwisho. Kwa familia zilizokimbia na kuacha nyuma shule au kituo cha afya kilichojengwa kwa ajili yao, karatasi hiyo ina uzito kuliko utepe wowote.

Wazo hili halikuzaliwa kwetu. Kitabu cha sheria cha Napoleon, cha mwaka 1804, kilisema kwamba kama mjenzi ndiye aliyeleta vifaa, na kazi ikaharibika kwa njia yoyote kabla ya kukabidhiwa, hasara ni ya mjenzi, isipokuwa kama mwenye kazi ndiye aliyechelewa kupokea. Kilisema pia kwamba jengo likianguka kwa sababu ya ujenzi mbaya, hata kwa sababu ya udongo mbaya, mchora ramani na mjenzi wanawajibika kwa miaka 10. Belgiji ilikuwa chini ya Ufaransa wakati huo, ikabaki na kitabu hicho. Sheria ya mikataba iliyotolewa kwa Kongo tarehe 30 Julai 1888, wakati wa Leopold wa Pili, ilitoka katika ukoo huohuo.

Ukiishi Kivu, unaona mara moja uzito wa maneno hayo. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma. Jengo likifunikwa na moto wa volkeno wiki moja kabla ya kusainiwa PV, swali la kwanza ni kama kampuni ndiyo inabeba hasara. Likifunikwa wiki moja baada ya PV, hasara imeshahamia kwa aliyepokea. Ni kweli, mikataba ya leo ina vifungu vya vita na maafa vinavyopunguza ukali huo. Hata hivyo tarehe iliyo juu ya karatasi ndiyo inayotazamwa kwanza.

Wazee wa Bukavu na Kinshasa wanakumbuka sura nyingine ya jambo hili. Mwaka 1952 utawala wa Kibelgiji uliunda Ofisi ya Miji ya Waafrika, yaani OCA. Ilijenga nyumba kwa maelfu: Bandalungwa, Matete na Lemba kule Kinshasa, na nyingine huku kwetu Bukavu. Ilijenga hata Bujumbura, ambako mtaa wa Ngagara bado wengi wanauita Ocaf. Nyumba nyingi ziliuzwa kwa kulipa kidogo kidogo kwa miaka. Baba aliingia na familia, akapaka rangi, akapanda mti wa avoka mbele ya mlango, lakini aliyekuwa na ufunguo alikuwa bado hana hati. Kisha uhuru ukafika, ofisi zikabadilika majina, na malipo ya wengine yalikuwa hayajaisha.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikaongeza fundo lingine. Inasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake, haiuzwi wala haipotei kwa kupita kwa miaka. Raia anapata haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa. Kwa hiyo unaweza kuwa na PV safi ya shule yenye vyumba sita, yenye mihuri yote, na bado shule imesimama juu ya ardhi isiyo na karatasi. Mimi naona hapo ndipo miradi mingi inapokosea: inakimbilia sima na mabati, na kiwanja kinabaki neno la mdomo la mzee mmoja ambaye watoto wake hawakuitwa.

Shule zina historia yake. Mwishoni mwa mwaka 1974 Mobutu aliziondoa mikononi mwa makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali ikasaini mkataba na makanisa na kuyarudishia usimamizi. Ndipo likatoka jina la shule za konvansioni. Tangu hapo shule moja ina wakubwa wawili: Serikali inaweka programu na inapaswa kulipa walimu, kanisa linasimamia kila siku. Madarasa mapya yakiisha, nani anasaini? Afisa wa elimu, mratibu wa kanisa, mkubwa wa shule, au kamati ya wazazi? Wakisaini wote, hakuna shida. Akisaini mmoja tu, ugomvi unasubiri siku paa litakapovuja.

Sasa, kazi yenyewe inakwendaje? Kampuni inaandika barua kwamba imemaliza. Mwenye mradi, mhandisi wa udhibiti na kampuni wanakuja kutazama: milango inafunga? Maji ya mvua yanakwenda wapi? Choo kina kina kilichoandikwa kwenye mkataba? Kila kasoro inaandikwa kwenye PV pamoja na siku ya kuitengeneza. Sehemu ya pesa, mara nyingi asilimia 5 au 10, inazuiliwa. Kwa kawaida muda wa dhamana ni mwaka mmoja, yaani jengo linapita misimu ya mvua likiwa bado chini ya macho ya kampuni. Mwaka ukiisha wanarudi, wanatazama tena, wanasaini mapokezi ya mwisho, na pesa iliyozuiliwa inatolewa. Pamoja na PV zinapaswa kuja ramani zinazoonyesha jengo lilivyojengwa kweli (bomba lilipita wapi, nguzo zimesimama wapi) na maelezo ya kutunza pampu au sola.

Huko ndiko vita inakata uzi. Mapokezi ya muda yanafanyika, wanakijiji wanakimbia, na mwaka wa dhamana unaisha bila mtu wa kusema kwamba ukuta ulipasuka. Wakati mwingine madarasa yanalaza wakimbizi, mbao za madawati zinakuwa kuni za kupikia, na baadaye hakuna anayeweza kutenganisha kasoro ya fundi na uharibifu wa vita. PV yenye orodha ya kasoro za siku ya kwanza inaweza kutenganisha.

Programu ya maendeleo ya teritware 145, iliyopanga shule zaidi ya 1,000 na vituo vya afya zaidi ya 700 katika nchi nzima, imefanya swali hili kuwa la kila kijiji. Sheria ya mikataba ya Serikali ya tarehe 27 Aprili 2010 inawahusu wanaonunua kazi hizo. Mkaaji hasaini mkataba, lakini kamati yake inaweza kuomba kuwepo siku ya kutazama jengo, na kuomba kopi.

Kopi hiyo haifai kukaa katika sanduku moja. Kamati ya wazazi kwa shule, au CODESA kwa kituo cha afya, iwe na moja. Ofisi ya teritware moja. Kanisa au idara inayosimamia moja. Shirika lililolipa moja. Mwenye simu apige picha ya kila ukurasa, hasa ule wenye kasoro na ule wenye saini, aitume kwa ndugu aliye mji mwingine. Kwa waliokwisha kukimbia bila kitu, mlango wa kwanza wa kubisha ni shirika lililolipa ujenzi, kwa sababu haliwezi kutoa hesabu kwa wafadhili wake bila PV. Mkienda, semeni jina la kijiji, mwaka jengo lilipoisha na aina ya jengo. Kama mnakumbuka jina la mradi lililoandikwa kwenye kibao mbele ya jengo, litajeni pia.