Sikukuu ya Tarehe Tano ya Mwezi wa Tano kwa Wachina, Wakorea na Wajapani

Hapa kwetu, mgeni kutoka Asia ya mashariki akipita barabarani, watoto wanamwita Mchina, basi, hata kama ametoka Seoul ao Osaka. Na sisi wakubwa tunasema: wale wote ni kabila moja, wanakula wali kwa vijiti na kuinama wakisalimiana. Kuna ukweli kidogo ndani yake. Wachina, Wakorea na Wajapani ni majirani tangu miaka zaidi ya elfu mbili, na vitu vingi vilitoka China vikaenda kwa wengine: maandishi, kalenda, mafundisho ya Confucius, hata dini ya Buda, ambayo China yenyewe iliipokea kutoka India. Lakini desturi ikivuka mpaka haibaki vile ilivyotoka. Nitachukua mfano mmoja tu, sikukuu ya tarehe tano ya mwezi wa tano, kwa sababu njo hiyo ilileta maneno makali kati ya majirani hao mwaka wa 2005.

Kalenda yao ya zamani inafuata mwezi wa mbinguni, ndiyo sababu siku hiyo inaangukia kwa kawaida katika mwezi wa sita wetu, ao mwisho wa mwezi wa tano. Ni wakati joto linapanda, wadudu wanatoka, magonjwa nayo. Wachina wa zamani waliuhesabu mwezi huo kuwa mbaya. Mwandishi wa historia Sima Qian anasimulia habari ya Tian Wen, aliyezaliwa siku hiyo hiyo. Baba yake aliamuru mtoto asilelewe, maana watu waliamini kwamba mtoto wa siku hiyo, akirefuka mpaka kufika kimo cha mlango, atawaletea wazazi wake mabaya. Mama alimlea kwa siri. Kijana alipokua alimuuliza baba kama bahati ya mtu inatoka mbinguni ao inatoka kwa mlango. Ikiwa inatoka kwa mlango, basi mlango uinuliwe tu, nani ataufikia! Baba alinyamaza.

Kwa kujikinga, watu walifunga mikononi mwa watoto nyuzi za rangi tano, na kutundika mlangoni majani ya namna mbili. Ya kwanza ni ndugu ya ile artemisia tunayoijua hapa kwetu kwa habari ya malaria. Ya pili ni majani marefu yenye harufu kali, yanayoota kandokando ya maji na kufanana na upanga. Wachina wanayaita changpu, Wakorea changpo, Wajapani shobu. Neno ni moja, msomaji analisikia mwenyewe. Tuyafuate majani hayo.

Kwa Mchina yanabaki mlangoni, ni upanga wa kufukuza mabaya. Lakini ukimwuliza Mchina wa leo maana ya sikukuu hiyo, Duanwu, hatakuambia habari ya mlango. Atakuambia habari ya Qu Yuan, mshairi na mkubwa wa ufalme wa Chu, aliyejitupa katika mto Miluo karibu mwaka wa 278 mbele ya Kristo, alipoona inchi yake inaangamia. Watu walikimbia na mitumbwi kumtafuta, wakatupa wali majini. Njo maana leo wanashindana kwa mitumbwi yenye kichwa cha joka na kula zongzi, wali wa kunata uliofungwa katika majani sawa vile sisi tunafunga chikwange. Hadithi nzuri. Lakini Tian Wen alizaliwa muda mrefu mbele Qu Yuan hajafa. Kama tunamwamini Sima Qian, siku ilikuwa na hofu yake tayari, na mshairi aliingia ndani yake baadaye.

Kwa Wakorea siku hiyo inaitwa Dano, na Qu Yuan hana kazi kubwa pale. Wanawake wanachemsha changpo na kuosha nywele kwa maji yake, kiisha wanapanda bembea. Wanaume wanapigana mieleka. Katika mji wa Gangneung, kwenye pwani ya mashariki, feti inachukua karibu mwezi mzima. Inaanza tarehe tano ya mwezi wa ine kwa kutengeneza pombe takatifu ya mchele. Siku kumi nyuma yake wanapanda kwenye mlima wa Daegwallyeong kuita roho za kule: jemadari Kim Yu-sin, na mtawa wa Buda Beomil, ambaye wanamteremsha katika mti mpaka kwa mke wake mjini. Wanawake wenye kuita roho wanaimba siku nyingi. Kuna pia mchezo wa maske bila neno hata moja, ambao zamani ulichezwa na watumwa wa serikali. Mwandishi Heo Gyun aliiona feti hiyo mwaka wa 1603, akaandika habari zake.

Wajapani nao waliyapeleka majani mahali pengine kabisa. Waliyatia katika maji ya kuoga, na mpaka leo wanafanya hivyo. Lakini katika lugha yao sauti "shobu" inafanana na neno la kuheshimu mambo ya vita. Kumbe hiyo ilitosha! Wakati wa samurai siku ikawa ya watoto wanaume: nyumbani wakaweka kofia za vita, na nje wakapandisha samaki wa karatasi ao wa kitambaa, aina ya karpe, anayeogelea katika upepo. Mwaka wa 1873 Japani iliacha kalenda ya zamani, sikukuu ikahamia tarehe 5 Mei ya kalenda yetu, na tangu 1948 sheria inaiita Siku ya Watoto wote.

Sasa maneno yenyewe. Mwaka wa 2005 Unesco ilikubali feti ya Gangneung kati ya urithi wa watu wote. China wengi walikasirika: Wakorea wametuibia Duanwu! Hasira hiyo ninaielewa, lakini ilikosa shabaha, maana kilichoandikwa ni mlima, mtawa na maske za Gangneung, si mitumbwi ya Qu Yuan. Orodha ile haigawi hati ya kiwanja. Sisi na ndugu wa Brazzaville tuliandikisha rumba pamoja mwaka wa 2021, wakati Cuba ilikuwa imekwisha kuandikisha ya kwao mwaka wa 2016.

Hata hivyo ile hasira ilizaa kitu. Mwaka wa 2008 China ilifanya Duanwu kuwa siku ya mapumziko, na mwaka wa 2009 Unesco ikaikubali nayo. Ukisoma ni fasi gani zimeandikwa, utakuta Miluo, ndiyo, lakini pia mji wa Suzhou. Na watu wa Suzhou, siku hiyo, hawamkumbuki sana Qu Yuan. Wanamkumbuka Wu Zixu, mkubwa mwingine, ambaye mfalme wake alimlazimisha kujiua, akaamuru maiti yake itupwe mtoni, miaka 200 na zaidi mbele ya Qu Yuan.