Miwani Nyeusi Si Kinga: Maana ya Angavu na Nusu-angavu
Umenunua miwani ya jua mtaani, nyeusi kama kioo cha ndai ya mheshimiwa, ukadhani macho yako sasa iko safe. Maze, ngoja kwanza.

Kitu angavu ni kile mwanga unapita na unaona ng'ambo wazi, kama kioo cha dirisha. Nusu-angavu inapitisha mwanga lakini sura haitokei fiti. Cheki dirisha la bafu. Halafu kuna kitu kisichopitisha kabisa: bati, mbao, na wewe ukisimama mbele ya TV.

Noma ni kwamba hizo sifa zinategemea ni mwanga gani. Lenzi inaweza zuia mwanga unaouona na bado iachilie miale ya UV ipite, kwa hiyo kwa UV hiyo miwani ni angavu tu. Na kwa giza mboni inafunguka zaidi, so hiyo miale inapata mlango mkubwa. Ikizidi kwa miaka mingi, inachangia mtoto wa jicho.

Usiangalie weusi. Tafuta UV400, yaani inazuia miale hadi nanomita 400. Hata lenzi isiyo na rangi inaweza kuwa nayo. Stika msee yeyote anaweza bandika, so ukipata duka la miwani lenye mashine ya kupima UV, peleka wakupimie.