Mtoto Anayegomea Poti: Sababu na Njia za Kumsaidia

Kugomea poti ni hali ya mtoto mdogo, mara nyingi wa kati ya miaka 2 na 4, kukataa kujisaidia kwenye poti au chooni ingawa tayari ana uwezo wa kuzuia haja na kuiachia. Wako wanaokataa haja zote mbili. Wapo pia wanaokojoa kwenye poti bila tabu, lakini haja kubwa huitaka kwenye nepi au huimaliza nyuma ya pazia. Mtoto ambaye mwili wake haujakomaa haingii katika kundi hili, wala anayelowesha kitanda usiku. Kukauka usiku hutegemea zaidi ukomavu wa mwili kuliko mafunzo, na kwa kawaida madaktari hawahesabu kulowesha kitanda kuwa ni tatizo kabla mtoto hajatimiza miaka 5.

Kugomea poti si jambo la nadra. Mwaka 1997 daktari wa watoto wa Marekani, Bruce Taubman, alichapisha utafiti uliofuatilia watoto 482. Kati yao, 106, yaani asilimia 22, walikataa kwa mwezi mmoja au zaidi kwenda haja kubwa kwenye poti au chooni, ilhali mkojo walikwishauweza.

Mwili unavyofanya kazi

Njia ya haja kubwa hufungwa na misuli miwili ya mviringo. Wa ndani hujiendesha wenyewe; wa nje humtii mwenye mwili. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana inapojaa, ukuta wake hutanuka, msuli wa ndani hulegea na mtoto huhisi haja. Akiubana ule wa nje, hisia hupoa na choo hubaki ndani. Kadiri kinavyokaa ndivyo maji yake yanavyofyonzwa, hata kikawa kikavu, kigumu na kikubwa. Siku kitakapotoka kitauma, na pengine kitachana ngozi na kuacha damu. Mtoto aliyeumia hivyo hubana zaidi mara inayofuata, na kwa kubana huandaa maumivu makubwa kuliko ya kwanza.

Dalili za kubana husomwa vibaya mara nyingi. Mtoto husimama juu ya vidole vya miguu, hupishanisha mapaja, hukaza makalio na uso humwiva. Mtu mzima hudhani anasukuma, kumbe anazuia. Hali ikiendelea kwa wiki nyingi, utumbo uliotanuka hupoteza wepesi wa kuhisi. Kinyesi chepesi hupenya kando ya donge gumu na kuchafua chupi bila mtoto kujua. Hapo huitwa mvivu au mchafu, au hupewa dawa ya kuzuia kuhara, ambayo humzidishia shida.

Mwaka 2004 Taubman na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha mpangilio wa mambo: kwa watoto wengi waliokataa poti na kufunga choo pia, choo kigumu ndicho kilichotangulia. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtoto anayegoma ni choo chake kikoje. Swali la tabia yake lije baadaye.

Umri na desturi

Hakuna umri mmoja wa kuanza unaofaa dunia nzima. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries walichapisha maelezo ya malezi ya Wadigo wa pwani ya Kenya. Mama alianza kumfunza mtoto haja akiwa na wiki chache tu. Aliketi chini amenyoosha miguu, akampakata mtoto katikati na kumtolea sauti maalumu ya kumkojolesha. Kufikia miezi 4 hadi 6, mtoto alitarajiwa kuitikia sauti na mkao huo, mchana na usiku. Kilichowezesha jambo hilo ni ukaribu wa mwili, kwani mtoto alikuwa mikononi mwa mama au mlezi karibu saa zote, na dalili zake zilionekana kabla hajalowa.

Marekani ilifuata njia nyingine. Mwaka 1962 daktari T. Berry Brazelton alichapisha uchunguzi wake wa watoto 1,170 na kushauri wazazi wasubiri dalili za utayari, ambazo alizitarajia kuanzia kama miezi 18. Mwaka 1974 Nathan Azrin na Richard Foxx wakatoa kitabu kilichoahidi mafunzo ya chini ya siku moja, kwa kumnywesha mtoto vinywaji vingi, kumfanyisha mazoezi mengi na kumtuza papo hapo.

Njia hizi zinapishana, lakini kila moja inadai mtu mzima mwenye nafasi na msimamo mmoja. Mtoto wa mjini anayelelewa na dada wa kazi mchana, bibi mwisho wa wiki na wazazi usiku hukutana na kanuni tatu tofauti. Mgomo hupata mahali pa kuota hapo.

Vyanzo vingine vya mgomo

Hofu ni mojawapo. Tundu la choo cha shimo ni pana kwa mwili mdogo, na giza, harufu na nzi huongeza woga. Choo cha maji nacho kina mngurumo unaomeza kila kitu. Tena, mtoto aliyekalishwa juu, miguu ikining'inia, hana pa kujikaza ili asukume.

Kuna mabadiliko ya nyumbani: kuzaliwa kwa mdogo wake, kuhama, kuondoka kwa mlezi aliyemzoea, kuanza chekechea. Mtoto aliyekwisha kuacha nepi anaweza kuzirudia.

Kuna pia kushindana. Katika umri huu mtoto anagundua kwamba ana hiari yake. Watu wazima wana uwezo wa kumvalisha, kumlisha na kumbeba wanakotaka, ila kumlazimisha aachie haja hawawezi. Akiulizwa kila nusu saa kama anataka choo, hujifunza kwamba hapa ndipo neno lake lina nguvu.

Hatua za kumsaidia

Hatua ya kwanza ni kulainisha choo. Apewe maji ya kutosha, mapapai, maembe, machungwa, maharage na mboga za majani. Maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya chakula. Choo kikiwa kimeshakuwa kigumu, chakula pekee huenda kisitoshe, na mhudumu wa afya anaweza kuandika dawa ya kulainisha kama laktulosi. Dawa hiyo huhitaji kuendelezwa hata baada ya choo cha kwanza laini, ili utumbo urudi katika hali yake na mtoto asahau maumivu. Bomba la sabuni au dawa za kienyeji za kuharisha zisitumike nyumbani.

Ya pili ni kusitisha mafunzo kwa wiki kadhaa, hata miezi 2 au 3 ikiwa ugomvi umekuwa mkubwa. Nepi irudishwe bila lawama. Mtoto anayepata choo laini kwenye nepi yuko katika hali nzuri kuliko anayezuia siku 5 kwa ajili ya poti.

Ya tatu ni kutengeneza mahali. Poti iwe fupi, nyayo zikanyage sakafu, na magoti yawe juu kidogo ya nyonga. Penye choo cha kukaa, pawekwe kigoda cha kukanyagia. Penye choo cha shimo, mtoto atumie poti, na kinyesi kimwagwe chooni mara moja. Kinyesi cha mtoto hubeba vimelea vya magonjwa kama cha mtu mzima, hivyo mikono ya mtoto na ya mlezi ioshwe kwa sabuni.

Ya nne ni ratiba. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huamka. Dakika 20 hadi 30 baada ya kula, mtoto akae kwenye poti kwa dakika 5, awe ametoa kitu au hajatoa. Asifiwe kwa kukaa kwake, kisha aachwe aende kucheza.

Ya tano ni kumrudisha kwa ngazi. Anayedai nepi avalishwe, ila ajisaidie akiwa chooni. Akizoea, akae kwenye poti na nepi yake. Kisha nepi ifunguliwe kidogo kidogo hadi iondoke. Apande ngazi moja kabla ya kuonyeshwa nyingine.

Lugha pia ina kazi yake. Katika utafiti wa Taubman wa mwaka 2003, wazazi walielekezwa wasikiite kinyesi kichafu au kibaya, bali wamsifie mtoto kila anapojisaidia kwenye nepi, hata kabla ya kuanza mafunzo. Idadi ya waliogoma haikupungua, lakini mgomo wao ulikwisha mapema zaidi.

Kichapo, kumwita kikojozi mbele ya wageni, kumlinganisha na mtoto wa jirani na kumkalisha kwa nguvu huleta kubana na kujificha. Mtoto mwenye hofu hakazi msuli kwa kusudi tu. Mwili wake wenyewe hukaza.

Wakati wa kwenda kwa daktari

Apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa mtoto mwenye tumbo lililovimba pamoja na kutapika, homa, damu kwenye choo, maumivu wakati wa kukojoa, kiu na mkojo mwingi kupita kawaida, au miguu inayolegea. Aliyechelewa kupata choo cha kwanza kwa zaidi ya siku 2 baada ya kuzaliwa, na ambaye amekuwa na choo kigumu tangu uchanga, achunguzwe utumbo. Aliyefikisha miaka 4 naye aonwe ikiwa bado anakataa poti au anachafua chupi.

Watoto wengi wanaogoma huacha nepi bila kubaki na dosari, pale maumivu yanapoondoka kwanza na ugomvi nao ukafuata kuondoka. Mzazi anayeanza na ugomvi huku choo kingali kigumu humwongezea mtoto sababu ya kukataa.