Charicleia, Binti wa Meroe

Mwanamwali ameketi juu ya jabali ufukweni, karibu na mdomo wa Nile. Ana taji la majani kichwani, podo la mishale begani, na miguuni pake kijana mwenye majeraha. Pembeni yao imetia nanga merikebu iliyosheheni mizigo bila baharia hata mmoja, na mchangani zimelala maiti katikati ya meza za karamu. Wanyang'anyi waliokuja kupora wanasimama wakiduwaa: huyu ni binadamu, au ni Isis mwenyewe?

Hivyo ndivyo inavyoanza Aethiopica, riwaya ya Kigiriki aliyoiandika Heliodorus, mtu wa Emesa, mji unaoitwa leo Homs, nchini Syria. Wataalamu wengine huiweka karne ya 3, wengine ya 4.

Mwanamwali huyo ni Charicleia, na mkosi wake ni uzuri. Mama yake, Malkia Persinna wa Ethiopia, alimzaa mweupe, ingawa wazazi wote wawili ni weusi, kwa sababu alipopata mimba macho yake yalikuwa kwenye picha ya Andromeda iliyochorwa chumbani. Akihofia kusingiziwa zinaa, alimtupa mtoto pamoja na pete na kitambaa alichokitarizi kisa chote. Binti akakulia Delphi, Ugiriki, akampenda Theagenes, yule kijana wa ufukweni, na tangu hapo kila anayemtazama mmoja wao humtaka awe wake.

Anayetisha zaidi ni Arsace, mke wa liwali wa Waajemi huko Memphis, Misri. Anamtamani Theagenes hadi halali usingizi, na akikataliwa anamtia minyororo na kumpiga. Kuwadi wake, bibi kizee Cybele, anaandaa sumu ya kumwua Charicleia. Vikombe vinabadilishwa na mchimba kisima anaingia mwenyewe. Charicleia anasingiziwa kifo cha Cybele na kuhukumiwa kuchomwa moto. Anaingia kwa miguu yake, na ndimi za moto zinamzunguka bila kumgusa, zikimwangaza kama bibi harusi; jiwe la ile pete ya mama linamlinda. Mwishowe Arsace anajinyonga. Kwangu mimi, hapa ndipo Heliodorus anapowapita wenzake: uzuri uleule mmoja humtia wazimu, mwingine humpa ujasiri.

Wapenzi hao wanatekwa na jeshi la Ethiopia na kupelekwa Meroe wachinjwe kafara. Hapo ndipo baba, mfalme wa Ethiopia, anapomtambua bintiye, kwa kitambaa, kwa picha ya Andromeda, na kwa alama nyeusi iliyozunguka mkono wake mweupe. Kafara ya watu inakomeshwa siku hiyohiyo.

Nakala moja ya kitabu hiki nayo iliponea chupuchupu. Waturuki walipoingia Buda mwaka 1526, iliporwa kutoka maktaba ya Mfalme Matthias Corvinus. Ikachapwa Basel mwaka 1534, na Jacques Amyot akakitafsiri kwa Kifaransa mwaka 1547. Mshairi wa Kiitalia Tasso alichukua humo kisa cha kuzaliwa kwa Clorinda, shujaa wa kike wa utenzi wake, na mwandishi wa Kihispania Cervantes alijigamba kushindana na Heliodorus.

Ulaya ilijifunza kutunga riwaya za mapenzi kwa kitabu ambacho mfalme wake mwadilifu ni Mwafrika mweusi, na ambacho safari yake yote huishia Meroe, kaskazini mwa Khartoum ya leo, ambako piramidi zingali zimesimama. Wanaofundisha historia ya riwaya katika vyuo vyetu nawaomba wakisomeshe, na watafsiri wetu watupatie kwa Kiswahili.