Kuunga Mboga: Habari za Majani Yaliwayo Bila Nyama

Neno mboga lina maana zaidi ya moja. Pengine ni majani na mazao ya bustani tu. Pengine, na hasa bara, ni kitoweo cho chote kiliwacho na ugali, hata kikiwa nyama au samaki. Lakini mpishi hodari hatosheki kusema kwamba mboga imeiva, husema imeungwa. Kuunga ni kushikamanisha vitu viwili viwe kimoja. Kiungo cha mwili ni mahali mifupa ikutanapo, na kiungo cha chunguni ni kile kishikamanishacho jani na ladha yake. Twaona kwamba katika neno hili dogo imehifadhiwa elimu kubwa ya wazee wetu, ambayo wasafiri wa kale hawakuiandika.

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali wa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Hiyo ilikuwa karamu ya mgeni wa mfalme. Msafiri huandika alichoandaliwa. Chungu cha mama asiye na nyama hakikufunuliwa mbele yake. Basi habari za chungu hicho hatuna budi kuzitafuta katika mimea yenyewe na majina yake.

Majani ya asili ya nchi zetu ni mengi: mgagani, mnavu, mchunga, mlenda, majani ya kunde, na mengineyo. Mengi yana uchungu au utelezi, na kila kabila lilijipatia njia ya kuyatengeneza. Wajaluo hupika mgagani, ambao wao huuita dek, kwa maziwa, wakiongeza kidogo kidogo na kuupasha moto tena siku ya pili, mpaka uchungu umelainika. Waluhya hulainisha mboga za utelezi kwa chumvi ya majivu: mimea huchomwa, majivu hutiwa maji, na maji yakachujwa. Wengine hutumia magadi. Wagogo huanika mlenda, wakautwanga uwe unga, wakauweka akiba ya kiangazi. Mafuta yalipatikana katika ufuta. Pwani kiungo kikuu ni nazi: majani huchemshwa kwa tui jepesi, na kasimile hutiwa mwisho, huku mpishi akikoroga pole pole lisije likakatika.

Kisha mimea ya Marekani ikavuka bahari. Wareno walileta mhogo kutoka Brazil mpaka pande za Kongo katika karne ya 16, na huku mashariki ukaenea hasa tangu karne ya 18. Karanga nazo ni za asili ya Amerika ya Kusini, na jina lao la pili latufundisha jambo: ziliitwa njugu nyasa, yaani mgeni alipewa jina la ndugu yake mwenyeji, njugu mawe, kwa kuwa walifanana kwa umbo na kwa kazi. Vivyo hivyo majani ya mhogo yaliingia katika kinu kilichokuwapo tangu zamani, yakawa kisamvu. Pwani kikaungwa kwa nazi, bara kwa karanga. Na huko Kongo, Rwanda na Burundi, ambako huitwa sombe, pondu au isombe, kikaungwa kwa mawese. Jani lilikuwa geni, ila kuunga kulikuwa kwa kale.

Tena kazi hii si ya ulimi peke yake. Majani mabichi ya mhogo yana sumu ya sianidi. Kuyatwanga vizuri na kuyachemsha muda mrefu ndiko kuitoako. Majani ya kijani kibichi yana asili ya vitamini A, iyakingayo macho na upofu wa usiku, lakini mwili huipokea vema pakiwapo mafuta. Basi mama aliyetia tui au karanga aliunga jani na mwili wa mtoto wake pia. Magadi tu yataka kiasi, kwa maana yakizidi huharibu vitamini C.

Hatusemi haya kwa kujisifu. Elimu hii yapotea mbele ya macho yetu. Katika bustani nyingi mgagani na mnavu hung'olewa kama magugu, ili kupanda kabichi, ambayo ina asili ndogo zaidi ya vitamini A. Mtoto aliyeletewa mchunga huona haya mbele ya wenzake, akidhani ni chakula cha ufukara. Bibi ajuaye majani ishirini akifa, mara nyingi mjukuu hubaki akijua mawili.

Kwa hiyo twawasihi ndugu walimu na mapadre. Kila mmoja na awaulize wazee wa mtaa wake majina ya majani yaliwayo, majira yao, na viungo vyao, ayaandike kwa lugha ya kwao na kwa Kiswahili. Na wakati wa Kwaresima, tuwafundishapo watu kujinyima nyama, tusiwaache wafikiri kwamba mboga tupu ni adhabu. Mboga iliyoungwa vema si tupu.